Mguu wa Babu Ndani ya Santuri

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya redio ya zamani hunirudisha moja kwa moja kwenye sebule yetu ya Kisumu, miaka ya sabini, nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi. Baba alikuwa karani wa reli, na gramafoni yetu, iliyokaa pamoja na redio ndani ya kabati moja la mbao, ilikuwa na spika moja tu, tena iliyokauka na kupasuka. Ikishapata joto ilinuka vumbi, na kwa kuwa jiko lilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, ilinuka pia omena, wale dagaa wa ziwani. Majirani walisema inaimba kama nzi aliyefungiwa koponi. Mimi na baba tuliipenda hivyo hivyo.

Mama hakuipenda hata kidogo. Ndani ya sanduku lake la bati alikuwa na santuri moja nzito, nyeusi, aliyoifunga kwa leso. Sauti iliyokuwamo ilikuwa ya baba yake, babu yangu wa Seme, upande wa Kombewa, mpiga nyatiti aliyerekodiwa mara moja tu ujanani na akafa kabla sijazaliwa bila kuacha hata picha. Mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda kifupi, mikono ikichezea nyuzi nane, na kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete nzito ya chuma na kuigonga kwenye ukingo wa ala kushika mapigo. Mama alipokuwa mdogo, mahali pake pa kukaa palikuwa kando ya mguu ule. Kwenye gramafoni yetu nyuzi zilisikika, na sauti ya babu ilisikika, lakini mguu haukusikika. "Hapa kuna wimbo tu," mama alisema kila alipoirudisha santuri kwenye leso. "Baba hayupo." Na kila ilipopigwa, sindano iliikwangua kidogo zaidi. Tulikuwa tukishindana na sindano ile: tupate spika za kumsikia babu kabla hajafutika.

Jumapili moja, tulipotoka kanisani, tulikwenda soko la Kibuye. Palikuwa na Fundi Mwangi, mtu aliyehamia kwetu kutoka Nyeri, aliyepanga spika kuukuu juu ya magunia na kuzijaribu kwa betri ya gari. Baba alikwisha kuchagua moyoni: spika mbili zilizong'arishwa, kimo chake hadi kifuani pangu. Fundi akaweka santuri yake ya dansi, wapita njia wakaanza kutikisika, na baba, karani mzima mwenye tai, mabega yakamponyoka.

"Sikia hiyo, Mzee! Kizuri inajiuza yenyewe," fundi akasema.

"Bado," akajibu mama. Akafungua leso yake. Akasema santuri ile itapigwa mara tatu tu, wala hakuna ya nne. Kisha, katikati ya soko, akavua kiatu chake cha kulia, kiatu cha kanisani, akaweka mguu vumbini.

Spika kubwa zikavuma hadi magunia yakatetemeka. Nilikodolea macho kidole gumba cha mama. Kilikuwa kikigonga ardhi taratibu, kikitafuta mwenzake, na mwenzake hakutokea. "Debe tupu," mama akasema, wala hakuhitaji kumalizia. Baba akatazama kando kana kwamba aliyetukanwa ni yeye. Spika za pili, ndogo, zilimfanya babu asikike kama ana mafua. Fundi, kwa nia njema kabisa, akainua sindano airudishe mwanzo. Mama akamdaka mkono.

"Fundi, wacha! Hiyo ni baba yangu unakwaruza!"

"Pole, mama," akasema polepole. "Sikujua iko mtu ndani."

Kisha akainama nyuma ya magunia, akavuta spika mbili ambazo hakuwa amezitoa nje kabisa. Kitambaa kilikuwa kimechanika, juu yake kulikuwa na alama za vikombe vya chai, na kwenye pembe moja panya walikwisha kula chakula chao. "Hii ilikuwa ya mwalimu wa kwaya," akasema. "Sura imeisha, lakini haidanganyi."

"Nyar Seme," baba akamnong'oneza mama, akimwita binti wa Seme kwa Kijaluo, "kweli tuweke hii kitu sebuleni? Wageni watasema nini?"

"Wageni watakaa wasikie."

Hata hivyo mama alisita. Ilikuwa mara ya tatu, ya mwisho. Alimtazama fundi usoni muda mrefu kabla hajatikisa kichwa kukubali. Nyuzi zikaja, sauti ikaja, na chini yake, ko, ko, ko, kavu, bila haraka, kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe. Kidole cha mama kilishuka pamoja na mguu ule. Nilidhani atalia. Alicheka, akacheka mpaka akashika kiuno, akiita "Wuora! Wuora!" yaani baba yangu, na mimi kwa mara ya kwanza nikawa na babu. Baba alizilipia spika, akazifunga kwenye baiskeli yake. Baadaye aliwaambia wageni kwamba alizichagua yeye, na mama akamwachia.

Mama ametutoka, na santuri imebaki mikwaruzo mitupu, ingawa kabla haijafika hapo tuliwahi kuihamishia kwenye kanda. Juzi mjukuu wangu aliutia wimbo ule kwenye simu, akaniletea spika inayoenea kiganjani. "Dani, sikia vile iko safi," akaniambia; dani ndiyo bibi kwetu. Ilikuwa safi kweli, nami nikamsifu, maana kiganja chake kina nyimbo nyingi kuliko kabati zima la baba. Lakini katika umri wangu wote sijapata kujua ninachokitaka kwa uhakika ule wa mama pale Kibuye, na bado namwonea fahari, na kidogo namwonea wivu.

Wimbo ulipokuwa katikati mjukuu akaniuliza, "Dani, mbona umetoa kiatu?"

Nikatazama chini. Kidole gumba changu kilikuwa kimeinuka, kinangoja mwenzake. Nikamwambia aende stoo, alete zile spika zilizoliwa na panya, aje akutane na babu yake.