Siku Nilipomtaja Wifi Yangu

Nakumbuka asubuhi moja pale Kashikishi, kando ya ziwa, mwanangu, mitumbwi ilirudi mitupu kwa mara ya nne mfululizo, na wanaume wakashuka bila kumsalimia mtu. Wewe ulikuwa na miaka miwili, tumbo mbele, hujui kutulia. Mimi nilikuwa bado kijana na, usicheke, nilikuwa mzuri pia.

Nakueleza haya kwa sababu ya semina yenu ya Nchelenge. Umerudi na daftari limejaa, ukanisomea jinsi haki za wanawake zilivyokuja kwa mawimbi. Kwanza wale waliodai kura, halafu waliodai kazi, mshahara na kauli juu ya miili yao, halafu waliouliza mbona wanawake maskini wamesahauliwa, na sasa nyinyi wenye simu. Nilikusikiliza vizuri, hata kama ulidhani nasinzia. Nimefurahi kwamba wanawake wamekuchagua ukawasemee kwenye kamati ya mwalo, ufuko wa mitumbwi ambako sisi tulikuwa tunafika na sufuria za chakula tu. Lakini kila ulipotaja waliotuzuia, ulitaja wanaume peke yao. Hapo moyo wangu ukanisuta, maana kuna jambo sijawahi kukusimulia.

Unaujua mwiko wa wavu. Zamani ulikuwa mkali kuliko leo: wavu ukitandazwa mchangani, mwanamke hauvuki. Akiuvuka, samaki wanakimbia, na anayelala njaa anamlaani yeye.

Siku chache kabla ya asubuhi ile nilikuwa nakaanga samaki karibu na mitumbwi. Shangazi yako Feza, mdogo wa baba yako, alikuwa ng'ambo ya wavu akianika chisense, visamaki vile vidogo alivyokuwa akinunua kwa wavuvi. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na chisense ndiyo iliyowalisha. Mimi nikageuka kuchukua chumvi. Wewe ukaenda mbio kwenye karai la mafuta ya moto, mikono mbele. Feza alikuona kabla yangu. Kati yake na wewe palikuwa na wavu wa baba yako, umetandazwa wote. Akauvuka. Alikudaka mkono wako ukiwa umebaki kidogo sana kugusa mafuta, nawe ukamng'ata kwa hasira. Tulitazamana, tukacheka kicheko cha watu walioogopa, na hatukumwambia mtu.

Basi asubuhi ile ya nne nahodha wa mtumbwi wa baba yako akasimama mbele yetu, sisi wanawake wa pale.

“Ni mwanamuke gani alipita juu ya nyavu?”

Macho yakaja kwangu kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka chakula, mimi ndiye niliyekuwa karibu na wavu kila siku. Nilikuwa nimeolewa miaka mitatu tu, nimevuka ziwa kutoka Kongo bila ndugu isipokuwa Mama Mukubwa, dada ya mama yangu. Nilitaka sana kuitwa mke mwema. Nikasema, “Ni Feza.”

Sikusema kwa nini aliuvuka. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Feza alinitazama, akangoja nimalizie maneno, na mimi nikainamia sufuria yangu.

Wakamkataza kukanyaga mwalo. Hakuna mtumbwi uliomuuzia tena. Baba yako alinyamaza, ingawa ni dada yake wa tumbo moja, na mimi jioni nilisifiwa kwamba nina adabu. Nilikula sifa ile na bukari, ugali wangu wa jioni, nikashiba. Siku mbili zilizofuata tulipata samaki, siku ya tatu hakuna kitu. Hakuna aliyeuliza ni nani amevuka safari hii.

Nikaenda kumsimulia Mama Mukubwa. Nilidhani atanisifu pia. Alikuwa anatwanga mihogo, akaacha mchi ndani ya kinu.

“Ile nyavu inalalaka wapi?” akaniuliza.

“Mu nyumba yetu, mama.”

“Nani anaishonaka?”

“Ni miye.”

“Na kila asubui unabebaka maji ya kuoga ya bwana yako, unapitaka wapi? Unarukaka kama ndege? Unapita juu yake! Weye na bamama bote ba hapa. Na samaki inakujaka tu. Sasa umebapatia bale batu fimbo. Leo banamupiga Feza. Kesho bakikupiga weye, utalilia nani?”

Mwanangu, nimewahi kuchapwa, lakini maneno yale yalichoma zaidi. Ni kweli, nyumbani tuliuvuka wavu ule mara kumi kwa siku. Wanaume walijua, nasi tulijua kwamba wanajua.

Kesho yake mchana nilishuka mwaloni. Wanaume walikuwa wametandaza nyavu mchangani. Nikawaambia kwamba Feza aliuvuka wavu ili mtoto wangu asiungue. Halafu nikawaambia kwamba mimi nauvuka kila siku nyumbani, na samaki waliowala mwaka mzima walitoka kwenye wavu huohuo. Kisha nikauvuka wavu wetu mbele ya macho yao, kwenda na kurudi. Nahodha alitukana. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa, akasema mke wake naye ni hivyohivyo. Baba yako hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne alisema, “Mwambie Feza arudi.”

Lakini Feza alikuwa ameshahama. Alikuwa amepakia watoto na vyungu vyake, akaenda kuishi Mununga, kando ya ziwa hilihili.

Nilimfuata na unga na kuku. Alinipokea vizuri, na wema ule ulinitesa. Akanisongea bukari, akanimiminia maji mikononi. Tulipomaliza kula ndipo akauliza.

“Mulamu, wifi yangu, nilikukosea nini?”

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Nikatoa moja tu. “Niliogopa,” nikasema.

“Na miye niliogopa,” akasema. “Niliona nyavu, nilijua batanifanya nini. Lakini mutoto wako alikuwa karibu na mafuta.”

Hakurudi Kashikishi. Alinisamehe, nadhani, lakini hakurudi, nami sikumlaumu.

Basi sikia, mwanangu. Mambo ya daftari lako ni mazuri, yashike. Wanaume wetu wana mengi ya kujibu, na baba yako alijibu machache. Ila usisahau kwamba mwiko ule ulikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa mimi. Kwenye kamati watakupa kiti, watakusifu kwamba wewe si kama wanawake wengine. Sifa hiyo iogope. Siku wakikuuliza ni mwanamke gani wa kulaumiwa, usimtoe mwenzako ili wewe ubaki salama. Sema ukweli wote, hata ile nusu inayokugusa wewe. Na wanao wa kiume wafundishe kumtetea dada yao kwa sauti, siyo kwa kunyamaza.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka. Akujalie wanawake wa kukudaka unapoanguka, na akulinde usije ukawalipa kama nilivyolipa mimi. Nimemaliza. Sasa nenda Mununga ukamsalimie Feza, umpelekee mkono ule aliouokoa, aushike.