Kovu la Mume wa Germana

Tunduma nzima inanijua: Danford wa chumba cha giza, msafisha picha za filamu. Vijana wa kompyuta hapo jirani wananicheka, eti natwanga maji kwenye kinu. Wacheke tu. Ninalojutia mimi si hilo.

Germana, mjane kutoka kijiji cha Msangano, alikuja kwangu na binti yake Goodness, aliyekuwa anaolewa mwezi uleule. Alileta negativu moja, filamu ya picha ya marehemu mumewe, ndogo kama stempu, ameitunza ndani ya Biblia miaka ishirini na sita. Picha zake nyingine zote ziliungua na nyumba. Goodness alizaliwa baba yake ameshazikwa, naye alitaka picha kubwa ikae mbele kanisani siku ya harusi.

"Nimezoea kuitazama dirishani hivyohivyo, babu, sura imegeuka, peusi ni peupe," binti akaniambia. "Safari hii nataka nimwone baba."

Kazi hiyo naijua mno. Ile ndogo unaimulika juu ya filamu pana, unapata picha isiyogeuka. Hiyo picha unaibananisha na filamu pana nyingine, unapata negativu kubwa. Hiyo kubwa ndiyo unailaza juu ya karatasi, unaigandamiza kwa kioo, unawasha taa. Marekebisho yote, ya penseli na ya wembe, yanafanyika kwenye kubwa. Ndogo haiguswi! Mwalimu wangu aliwahi kunizaba kofi kwa kuisogezea wembe tu.

Lakini filamu pana nilibaki nazo mbili tu, za kutosha kazi hii moja, na siku hizi kuzipata ni shida. Nikaogopa kwamba wembe ukiteleza kwenye kubwa, sina nyingine. Na shavuni mwa marehemu palikuwa na mstari. Wateja wangu wote, wa huku na wa ng'ambo Zambia, wanataka uso laini: toa chunusi, toa alama. Hata kuuliza sikuuliza. Nikavaa miwani, nikakwangua ile ndogo, nikalainisha shavu zima. Ujuzi hauzeeki, nikajisifu. Mpumbavu mimi!

Walipokuja kuchukua, picha ilikuwa safi kabisa. Germana akaitazama weee.

"Ni yeye," akasema. "Lakini kovu liko wapi? Fahali alimpiga pembe kule Kamsamba. Huyu mtoto nimemlea na hadithi hiyo."

Mungu wangu! Nikawaeleza nilichofanya: nimelikwangua kwenye ile ndogo yenyewe, halirudi tena. Goodness hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Basi lichore, babu," akasema. "Mama atakuelekeza."

Germana akapitisha kidole shavuni mwake mwenyewe, kutoka kwenye nyusi kwenda chini. Akasita. Akaanza tena, safari hii karibu na sikio. Mara ya tatu akashusha mkono, akanigeukia.

"Miaka mingi, mzee, nimesahau. Lakini wewe umelitazama juzi tu. Lilipita wapi?"

Mimi nilitazama alama ya kufuta, sikumtazama mtu. Nikamwambia sijui.