Mfaransa Aliyelazwa Kati ya Watoto

Majirani zangu wa Bukavu niliwaambia nakwenda Stockholm kuona mahali alipofia Mfaransa mmoja. Haukuwa uongo. Miaka ishirini na miwili nimefundisha falsafa darasa la mwisho la sekondari, na kila mwaka nilianza na huyo aliyewatangulia wanafalsafa wa zama za Mwangaza, aliyetaka mtu atilie shaka kila alichorithi mpaka afikie lile lisilotikisika. Sababu ya pili niliificha. Binti yangu Neema, anayeishi huko, alikuwa hajanipigia simu kwa miezi kumi na minne. Alikuwa amezaa mtoto, na siku ya tisa mtoto huyo akafa, kabla ya kubatizwa. Neema alipolia kwenye simu nilimpa neno nililopewa na baba yangu: mtoto ambaye hajatolewa nje kuonyeshwa watu haliliwi. Katika ukoo wetu hana matanga, huzikwa kimya. Simu ikakatika. Nilidhani kadi yake imekwisha.

Siku ya kuondoka nilivuka daraja la Ruzizi kwa miguu, nikapanda basi hadi Kigali na jioni nikapanda ndege. Brussels nilibadilisha ndege nikiwa nimevaa makoti mawili, yote ya kuazima, na unga wa muhogo kwenye mkoba.

Stockholm, saa tisa alasiri. Ulikuwa mwezi wa kwanza na jua lilikuwa tayari linazama. Kutoka dirisha la basi la kuingia mjini niliona ziwa limeganda, watu wanatembea juu yake na mbwa wao bila wasiwasi. Mimi ni mtu wa Kivu, nimezaliwa kando ya ziwa, na sikuwahi kufikiri kwamba maji yanaweza kumbeba mtu hivyo. Nilitazama mpaka shingo ikaniuma.

Neema alinipokea nyumbani kwake Hallunda, pembeni mwa mji, kwa heshima zote, na heshima hizo ndizo zilizonitisha. "Karibu, Papa. Safari ilikuwa muzuri?" Akaniandalia bugali na sombe, majani ya muhogo ya kwetu, akanitandikia kitanda, akanionyesha taulo. Mwanangu alinihudumia kana kwamba mimi ni mkaguzi wa shule. Mumewe alikuwa kazini, hivyo tulikula wawili, tukisikiliza vijiko.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, nilitoka nje hadi kwenye baraza la ghorofani. Saa hiyo ndiyo malkia wa nchi hii alimtaka Mfaransa wetu afike kumfundisha, yeye aliyezoea kulala mpaka karibu adhuhuri. Alikuja kwa mwaliko, na baridi ya kwanza tu ikammaliza. Nilitaka kuijua baridi hiyo. Sikumaliza dakika tano. Neema alinikuta natetemeka, akanipa chai.

"Unatafuta kufa kama yeye?"

"Nilitaka kuona."

Alijimiminia ya kwake. Naye alipita darasani mwangu zamani. "Leo nitakupeleka," alisema. "Kuko kitu haukutufundisha."

Saa nne tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi katikati ya mji, tukaingia katika kanisa moja lenye bustani ya makaburi. Ukutani kulikuwa na ukumbusho wa Mfaransa: kiumbe mwenye mabawa anaifunua dunia iliyokuwa imefunikwa. Nilivua kofia. Nilijisikia mdogo, na nilifurahi kuwa mdogo. Neema akanivuta mkono, tukatoka nje kwenye theluji.

"Hapa njo balimuzika kwanza," alisema. "Alikuwa Mukatoliki, na inchi ilikuwa ya Baprotestanti. Balimulaza na batoto benye balikufa mbele ya kubatizwa. Miaka kisha, Bafaransa bakakuya kumutosha mu kaburi, bamurudishe kwabo."

"Nani alikuambia?"

"Nilisoma, Papa, mu bitabu bya bibliotek. Nilikuwa natafuta fasi ya kuzika mutoto wangu. Nikakuta mutu mwenye unaheshimia kuliko bote alilala na batoto kama uyu wangu."

Miaka ishirini na miwili nimesimama mbele ya ubao nikiwahimiza watoto wa watu watilie shaka walichorithi, na neno la baba yangu sikuwahi hata kuligeuza nione upande wa pili. Niliona aibu iliyozidi baridi.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Asifiwe." Akafuta macho. "Haukuniulizaka."

Mchana tulikwenda makaburini, kusini mwa mji. Neema alifukua theluji kwa mikono mpaka likatokea jiwe dogo. Nikapiga magoti, nikalia kwa sauti, kama tunavyomlilia mtu mzima kwetu. Bibi mmoja aliyekuwa akiwasha mshumaa karibu alisimama, akainamisha kichwa, akabaki hapo hadi nilipomaliza. Neema alikuwa ameniegemea begani.

Bukavu, mwezi wa pili. Siku ya pili baada ya kurudi nilimwomba mke wangu atandike mikeka uani, nikawasha moto wa matanga. Jioni alifika kaka yangu mkubwa, anayeongoza ukoo.

"Nani alikufa?"

"Mujukuu wetu, Asifiwe."

"Lini?"

"Mwaka uliopita ulikuwa hata haujaanza."

"Alikuwa na miaka ngapi?"

"Siku tisa."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na hoja zote za Mfaransa kichwani, zimepangwa. Kaka yangu aliutazama moto, akavua viatu, akaketi mkekani.

"Miye niko nabo batatu benye hatukulilia," alisema.

Nikamuuliza majina yao. Hawakuwahi kupewa, naye akaanza kuwapa, mmoja mmoja.