Alfani wa Matangazo na Tumbo Lililogoma Kukua

Watu wa Masasi walimjua Alfani kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, na yeye aliona huo ndio utaratibu mzuri. Nyuma ya pikipiki yake alifunga spika mbili zenye midomo mipana, katikati akaweka amplifaya na betri ya gari, na kwa vifaa hivyo aliwahabarisha watu kuhusu mnada wa korosho, chanjo ya mbwa, mechi za mpira, mbuzi waliopotea na misiba iliyotokea. Alitangaza kila jambo isipokuwa habari za nyumbani kwake Lisekese, ambazo hakuwa nazo.

Si kwamba alikuwa mume mbaya. Hakuwa mlevi, hakuwa na mkono mwepesi, na kila alipokwenda Newala alirudi na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwenye mfuko. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliamini kwamba mtu akishalisema jambo kwa sauti kubwa, amekwisha kulitenda. Siku alizopita akihimiza watu wachimbe vyoo, cha kwake kilikuwa kimelalia upande mmoja. Alipohimiza vyandarua, kile ambacho mkewe alipewa kliniki kilikuwa kimeviringishwa kwenye amplifaya, maana vumbi la barabara ya Newala halina huruma, na amplifaya haitaki mchezo.

Mkewe aliitwa Somoe. Mwaka huo alikuwa na mimba ya pili, na kwa kuwa ilimkuta katika msimu, aliibeba huku ameinama chini ya mikorosho tangu asubuhi, akiokota. Kliniki alikwenda mara mbili, kazi ikamzidi, akaacha. Septemba malaria ilimlaza siku tano. Alfani alimpeleka kupimwa siku ya tatu, baada ya kumaliza kutangaza wiki ya usafi. Alipopona, tumbo lilibaki dogo, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama mkwe alituma salamu kutoka Newala kwamba tumbo dogo ni heri, uzazi utakuwa mwepesi. Jirani alisema ni mtoto wa kike, wa kike hujikunja. Alfani mwenyewe alisema mkewe ameumbwa vizuri, wala hafutuki kama wengine. Wataalamu walikuwa wengi. Aliyekosekana ni mwenye kupima.

Mwezi Novemba, Nesi Agatha wa kliniki ya mama na mtoto, mama wa makamo aliyeongea polepole, alimwita Alfani akampa karatasi ya kutangaza. Ilieleza kwamba wapo watoto wasiokua tumboni inavyopaswa, na mara nyingi mama hasikii maumivu yoyote. Ndiyo maana ni lazima ahudhurie kliniki, tumbo lipimwe kwa futi kamba na kipimo kilinganishwe na umri wa mimba. Tena, mama akiona mtoto amepunguza kucheza, asisubiri tarehe ya kliniki, aende siku hiyo hiyo. Alfani aliisoma mara moja, akasema ujumbe ni mzuri ila umepooza, unahitaji vionjo. Nesi Agatha alimwomba asiongeze hata neno. Alfani aliahidi, kwa uso wa mtu ambaye ameshaongeza mawili.

Siku hizi hapazi sauti barabarani kutwa nzima. Anarekodi kwa simu, anahamishia kwenye flashi, spika zinafanya kazi naye anaendesha. Basi asubuhi iliyofuata, kabla ya kupanda Newala, alitangaza ukimya nyumbani. Mwanawe Hamudi, wa miaka minne, alipelekwa kwa jirani. Kuku walifukuzwa. Somoe aliambiwa aache kutwanga, akakaa kwenye mkeka, na kwa kuwa hakuruhusiwa kufanya lingine, akasikiliza.

Alfani alianza kwa sauti nzito ya misibani. Akakosea, akaanza upya. Mara ya nne jogoo alirudi. Mara ya saba alitamka vizuri ila hakuridhika na pumzi yake. Mara ya tisa aliridhika.

“Baba Hamudi,” alisema Somoe, “hebu rudisha pale pa mtoto kucheza.”

Alfani alifurahi. Miaka sita ya ndoa, leo ndiyo kwanza mwanamke anakitambua kipaji. Akarudisha. Somoe akaomba tena, naye akarudisha tena, safari hii amefumba macho ili wafaidi pamoja.

“Umesikia ninavyolishusha neno ‘asisubiri’?”

“Nimesikia. Wangu tangu juzi anacheza kidogo sana. Jana mara moja tu. Leo bado.”

Alfani alimweleza kwamba watoto nao hulala. Akamkumbusha kuwa amechoka na korosho, na mwili uliochoka hausikii vitu vidogo. Leo alikuwa na Newala kutwa, lakini kesho, Mungu akipenda, angempeleka mwenyewe. Aliyasema hayo ameshika simu, na simu, ambayo alisahau kuizima, ilikuwa ikiwaambia kina mama wasisubiri.

Alipoondoka, Somoe alingoja vumbi litulie. Kisha akajifunga kanga, akamwomba jirani amtazamie Hamudi, akatembea hadi barabarani na kusimamisha bodaboda.

Saa nne na nusu Alfani alikuwa sokoni Newala, ameegesha pikipiki, spika zimefunguliwa hadi mwisho, naye anakunywa chai huku akitazama watu wanavyomsikiliza. Simu ikaita, akaona jina la Nesi Agatha. Alijua anapigiwa kupongezwa. Akapokea, hakusikia kitu. Akamwomba aongeze sauti. Nesi akaongeza, bado alichosikia ni sauti yake mwenyewe ikiwaambia kina mama wa Newala kwamba mara nyingi mama hasikii maumivu yoyote. Hatimaye ikambidi azime spika. Soko zima likageuka kumtazama.

“Alfani, niko na mkeo hapa,” alisema Nesi Agatha. “Mimba ni ya wiki thelathini na tatu, tumbo limepima sentimita ishirini na nane. Presha iko juu. Nampeleka hospitali sasa hivi akapigwe ultrasaundi. Uje.”

“Mtoto yupo?”

“Moyo unapiga. Uje.”

Jinsi alivyoteremka kutoka Newala hajui. Anachokumbuka ni kufika wodini na kuulizwa maswali, yeye ambaye kazi yake ni majibu. Mama alihudhuria kliniki lini mara ya mwisho? Hakujua. Alimeza lini dawa ya kukinga malaria? Hakujua. Analala kwenye chandarua? Hapo alijibu haraka kwamba chandarua kipo. Akaulizwa kipo wapi. Alitazama dirishani, ambako pikipiki ilionekana vizuri sana.

Picha ilionyesha mtoto mdogo kuliko umri wake, na maji yaliyomzunguka yamepungua. Kondo la nyuma, alieleza Nesi Agatha, halikuwa likimpitishia chakula cha kutosha. Pengine ni ile malaria, pengine presha, pengine damu kupungua. Wakati mwingine chanzo hakijulikani kabisa, na hata mama anayefuata kila kitu yanaweza kumkuta. Kwa hiyo wasipoteze muda kutafuta wa kulaumu. Alfani, ambaye tangu Newala alikuwa ameshawalaumu mama yake, jirani, korosho na jogoo, alibaki mikono mitupu.

Alikaa kando ya kitanda. Somoe hakumfokea, na kufokewa kungemsaidia.

“Nimelisikia tangazo lako mara tisa, Baba Hamudi,” alisema. “Na wewe ulikuwepo mara zote tisa.”

Alfani akainuka, akaenda kumtafutia uji.

Somoe alilazwa. Alichomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, akapewa dawa za presha, na kila siku mapigo ya moyo wa mtoto yalisikilizwa. Alfani alileta uji, akafua kanga, na akagundua kwamba mke wake hapendi ming'oko, amekuwa akiila miaka sita kwa adabu. Wiki ya thelathini na sita presha ilikataa kushuka, daktari akasema mtoto sasa atakuwa salama zaidi nje kuliko ndani. Somoe akafanyiwa upasuaji. Alitoka mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia nane, mwenye sura ya mzee aliyeamshwa bila sababu. Wakamwita Anifa.

Siku za mwanzo Somoe alikuwa na maumivu makali, kwa hiyo zamu za kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, zilimwangukia pia baba. Walimfunga Anifa kwa kanga juu ya kifua chake, wakamwambia atulie na aongee kwa kunong'ona. Hakuwa na uzoefu wa kunong'ona. Alilowa jasho, akatazama kile kichwa kidogo chini ya kidevu chake kikipanda na kushuka, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Wauguzi walioingia walimkuta akilia kimyakimya. Wakajifanya wanatafuta kipimajoto.

Walipotoka hospitali, chandarua kilifuliwa maji matatu ndipo rangi yake ikajulikana, kikatundikwa. Amplifaya ilipewa gunia, na haijafa. Nesi Agatha naye aliomba tangazo lirekodiwe upya, ila kwa sauti ya Somoe. Alfani alishauri kwamba Somoe hana mafunzo. Somoe alilisema mara moja tu, kama anavyoongea na jirani wakichota maji, na lilitosha.

Wiki ya kwanza ya tangazo hilo, njiani kwenda Lulindi, mwanamke mmoja mjamzito alimsimamisha Alfani. Alitaka kujua huyo mama anayesema ni nani, na kama ni kweli mtu asisubiri.

“Ni mke wangu,” Alfani alisema. “Na ni kweli.”

Mwanamke alisema tumbo lake ni la miezi saba, halijapimwa tangu likiwa la miezi minne, na kwa miguu hafiki leo. Nyuma ya pikipiki palikuwa pamejaa. Alfani alitazama spika zake kwa muda unaotosha kumuaga mtu mzima. Halafu akazifungua, na amplifaya na betri, akaviacha vyote barazani kwa fundi baiskeli, akampakia mwanamke na kumfikisha kliniki taratibu, akikwepa mashimo.

Mwanamke alipimwa, akaonekana anaendelea vizuri, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Alfani alirudi kuchukua vifaa vyake saa kumi jioni. Mnada wa siku hiyo alikuwa ameutangaza mtu mwingine, vibaya mno kwa maoni yake, na watu walikuwa wamehudhuria wote.