Kimeo Kilichokatwa Mbaha

Mama mkwe wangu alinifinya mkono chini ya kanga ili nisiseme. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, hospitali ya misheni huko milimani, na sista alikuwa ameuliza swali rahisi tu: tangu daktari amwone mtoto mwezi uliopita, kuna mtu yeyote aliyemgusa koo?

"Hapana," nikasema.

Uongo mtupu. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa na mafindofindo makubwa, hata akilala pumzi inakatika, anashtuka, anaanza upya. Daktari wa masikio, pua na koo, ambaye alipita huko mara chache mno, alimpangia siku ya kuyatoa. Lakini kwetu Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, kila bibi anayo dawa yake ya koo: kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Siku nane kabla ya safari nilikwenda shambani kupalilia mihogo. Niliporudi, kimeo hakikuwepo. Fundi, kaka yake mama mkwe, alikuwa ameshaosha kisu chake na kwenda zake. Mtoto alitema damu siku mbili. Nilifoka mpaka majirani wakatoka nje.

Njia nzima ya kupanda Mbinga, juu ya lori la mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa kahawa walioanza kuingia kwetu miaka ile, mama mkwe alirudia neno moja: wakijua watatufukuza, na daktari harudi karibuni. Nilimchukia, lakini nilimwamini. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Sista alimwambia mtoto apanue mdomo. Mtoto akakaza meno. Alishajifunza kinachompata mtu akipanua mdomo.

"Anaogopa tu," nikasema.

"Haya, daktari atamtazama akishalala usingizi." Akambeba, mlango ukafungwa.

Nilijua kidonda hakijapona. Nilijua damu yake imepungua, kucha zilikuwa zimepauka. Nikajiambia nihesabu mpaka kumi, kisha nisimame. Nikafika kumi, nikaanza tena.

Aliyesimama ni mama mkwe. Aliugonga ule mlango kwa viganja vyote viwili, akiita kwa Kinyasa, kisha Kiswahili kikamjia: "Sista! Msimlaze! Tumemkata kimeo! Ni mimi!"

Daktari alitoka amembeba mtoto, naye mtoto angali macho. Alimbembeleza pale kwenye benchi mpaka akalegeza taya, akamulika tochi. Kisha akasema kidonda bado kibichi na damu ni kidogo. Angelazwa usingizi leo, huenda asingeamka. Tutakaa wodini apate nguvu, naye atamfanyia upasuaji safari yake ijayo. Hakutufukuza.

"Na wewe, mama mtoto," akaniuliza, "ulikuwa unajua?"

Mama mkwe aliniwahi, akajibu yeye.

"Ndiye aliyenituma nigonge, Daktari. Mimi ndiye niliyekuwa nakataa tusiseme."

Daktari akanigeukia, akasema nimemwokoa mwanangu. Nikamwambia asante.