Mwanamke Aliyeutaka Uenyekiti

Hebu mwone kwanza anavyokuja. Mama wa miaka hamsini na kitu, gauni la kitenge, anatokea upande wa Mnazi Mmoja na chupa ya uji kwapani, tupu. Jua la saa nane linamchoma utosini. Wabeba mizigo wanampigia kelele, "Mama, pembeni, mzigo!" Anapisha. Wanamjua kwa sura, ila hakuna anayemuuliza anatoka wapi. Anatoka Upanga, hospitali, anarudi kwenye kibanda chake cha zipu na vifungo hapa Kariakoo.

Huyo ndiye Evarista. Kwao Masasi, mjane, mtoto hakujaliwa. Ngoja nikueleze lililompata.

Wakatoliki wachache wa mitaa hii wana jumuiya yao, hukutana Jumamosi asubuhi kusali nyumba kwa nyumba. Siku hiyo walikuwa kwa Angelina, wakichagua mwenyekiti. Sasa, uchaguzi wa jumuiya una adabu yake. Hujitaji, unatajwa. Ukitajwa unashika kifua: "Jamani, mimi hapana, wapo wanaofaa." Wanakubembeleza, unakataa tena. Mwishowe unakubali kwa kuguna, kama mtu aliyetwishwa gunia.

Walitajwa wawili. Samson, muuza mabegi, alikataa mpaka jasho likamtoka. Kisha akatajwa Evarista. Akasimama.

"Nakubali. Nilikuwa nautaka."

Ndugu yangu! Angelina ndiye aliyeanza kucheka. "Makubwa! Umeutamani kama kitenge dukani?"

"Watu wetu wanatoka kusini kuja kutibiwa," Evarista akasema, "wanalala wodini hawana hata wa kuwajulia hali. Nikiwa mwenyekiti tutapeana zamu."

"Si uende tu? Mpaka uwe mwenyekiti?" Angelina akauliza.

Hapo Evarista akaketi. Mikono ikanyooshwa kwa Samson, karibu yote.

Basi akawa anaenda peke yake. Zamu hazikupangwa. Kwenye sala, mkeka aliokalia yeye ulikuwa na nafasi kila mara, hata pale watu walipobanana mlangoni. Wakikutana njiani wanamtania, "Shikamoo, mheshimiwa!" Naye anaitikia "Marahaba," anacheka nao, kisha anapanda ngazi kwenda chumbani kwake, ambako redio tu ndiyo inayoongea.

Usidhani hakujichunguza. Aliwawaza wagonjwa, kweli. Lakini aliwaza pia padri akimwita kwa cheo mbele ya watu, naye akiinuka. Yote mawili yalikuwemo, na kuyatenganisha kumemshinda. Akitaka kumwomba Mungu amwondolee ile hamu, anaogopa atamwondolea na ya kwenda Upanga.

Juzi Samson akaja kibandani, akavuta kigoda.

"Dada Evarista, mimi naachia. Biashara na uenyekiti haviendi. Jumamosi nitakutaja wewe, na zamu za wagonjwa uzipange utakavyo. Nimeshaongea na watu, hawana neno."

Evarista akaweka chini vifungo alivyokuwa akivihesabu.

"Ila nakuomba kitu kimoja," Samson akaendelea. "Kataa. Mara mbili tu, watu wapoe. Ya tatu ukubali."

"Nikatae ninachokitaka, na msalaba wa jumuiya uko pale mezani tunaposali?"

"Ni adabu tu, dada. Si wote tunafanya hivyo?"

"Kwani na wewe ulikuwa unautaka?"

Samson akashika zipu moja, akaifungua, akaifunga. Akacheka kidogo, akaaga.

Jumamosi yenyewe ni kesho. Evarista amejaribu kulisema, peke yake, amekaa kitandani: "Jamani, mimi hapana." Limetoka vizuri, laini, mpaka limemtisha. Na kule wodini kuna mama wa Newala, ana wiki ya pili sasa, kila mlango ukifunguliwa anageuza shingo kutazama.

Wewe uliyekaa nami mpaka hapa, niambie: ungekuwa Evarista, kesho ungekataa?