Mkono wa Mama Nabintu Ukutani

Mama Nabintu aliuza pemba, ule udongo mweupe ambao wanawake wenye mimba hupenda kuutafuna, mbele ya shule moja ya msingi katika mtaa wa Ndosho. Mwenyewe aliiacha shule darasa la nne, kule upande wa Bukavu, mama yake alipougua. Tangu hapo kila alipoona kitabu aligeuza macho, kama mtu anayepishana na mkwe njiani.

Asubuhi moja mwalimu Guylain wa darasa la sita alikuja kununua vipande vitatu.

"Si ya kula, mama. Nataka kuonyesha watoto namna watu wa zamani kabisa walichoraka mapangoni." Akamfungulia kitabu. Palikuwa na picha ya mkono juu ya mwamba: mkono wenyewe wazi, rangi imeuzunguka pande zote. "Siku mbili najaribu na brosi ya kupaka rangi. Inatoka sawa na mguu wa bata."

Nabintu aliitazama picha ile kwa muda.

"Mwalimu, hii si ya brosi. Walipulizaka na kinywa."

"Umejua je?"

"Siku moja nilikuwa natafuna pemba, kikohozi kikanishika. Mkono ulikuwa kwenye mulango. Nilipoutoa, alama ikabaki vile vile."

Guylain akamsihi aingie ndani.

"Mimi? Sikumaliza hata ya tano!"

"Na hao wa pangoni walimaliza ya ngapi?"

Nabintu akacheka, akajifunga kitenge vizuri, akaingia.

Wanafunzi walitoka hadi kwenye ukuta wa uani, uliojengwa kwa mawe meusi ya volkano. Nabintu akaweka kiganja juu ya jiwe pana, akatafuna pemba mpaka ikawa uji, akapuliza. Pfuu! Pfuu! Alipoondoa mkono, mkono mweusi ulibaki katikati ya weupe.

"Mama," akauliza msichana mmoja, Héritière, "sasa walifanyaka hivi juu ya sababu gani?"

Nabintu alijipangusa midomo.

"Mimi sijue, mutoto wangu. Lakini mama yangu alikufa bila picha hata moja. Kama angeachaka mukono wake ukutani, ningekuwa naenda kuugusa."

"Wataalamu wenyewe bado wanabishana," Guylain akasema taratibu. "Andikeni na jibu la mama."

Kalamu zikainama. Nabintu alisimama akitazama maneno yake yakiingia katika madaftari arobaini.

Mchana wote watoto walipanga foleni, wakapuliza mikono yao. Jumamosi mvua ikanyesha, ikaosha yote. Jumatatu Nabintu na watoto walimkuta Guylain uani, uso umemshuka.

Nabintu alipitisha kidole juu ya jiwe safi.

"Ndiyo maana waliingiaka pangoni," akasema. "Mwalimu, ukuta gani wa hapa haupigwe na mvua?"

Guylain akamwonyesha baraza. Nabintu akaenda kuchukua beseni lake la pemba.